Nikabe Sawasawa

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia, amepiga magoti mbele yangu.

"Marahaba."

Ndipo akanyoosha mkono na kushika kola ya koti langu. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo ya mkwewe. Na mkono ule ule ulikuwa umeshinda kutwa nzima unapakia viazi Uyole. Viganja vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu, na udongo mweusi ulikuwa bado kwenye mikunjo ya vidole hata baada ya kunawa.

Ilikuwa Alhamisi jioni, Julai 2019. Mimi nilikuwa na miaka 58, yeye 23. Mwaka 2008 nilimfundisha Sayansi darasa la sita, dawati la dirishani, mtoto mwembamba anayesinzia baada ya uji. Sasa alikuwa na kilo tisini na kitu, na pale ukumbini kwa mazoezi ya jujitsu, mchezo wa kukabana na kupindana viungo mkekani, tulimwita Lumbesa, kwa sababu ya yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, yameshonewa nyavu juu na viazi vingine vikapanda kichwani. Serikali imeyapiga marufuku mara nyingi, na bado ilikuwapo migongo iliyoyabeba kila siku. Wake ulikuwa mmojawapo.

Nilikuwa nimeanza jujitsu miaka miwili nyuma, baada ya mtoto wangu wa mwisho kuondoka nyumbani na kutuachia mimi na mama yake jioni ndefu. Kocha alikuwa amejifunza judo Zanzibar, kisha jujitsu Nairobi, akarudi kwao Mbeya na kukodi stoo iliyokuwa ya saruji, nyuma ya gereji moja Mafiati. Mkeka wetu ulikuwa povu la magodoro lililoshonewa turubai la lori. Julai turubai lile lilikuwa baridi na gumu kama ubao mpaka miili kumi ilipoligaragazia kwa robo saa, ndipo lilipolainika na kuanza kutoa harufu ya mpira na jasho. Koti langu nililipata mitumbani Mwanjelwa kwa shilingi elfu kumi na tano. Lilikuwa la kareti, kitambaa chepesi, likachanika makwapani wiki ya kwanza, na mke wangu akalitia viraka vya turubai hilo hilo.

Niseme wazi kuhusu umri, maana watu huuchukulia kama suala la pumzi tu. Pumzi nilikuwa nayo. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyepanda milima yake kwa miguu tangu utotoni hashindwi kupumua. Wageni kutoka Dar ndio waliokaa pembeni wakihema. Kinachopungua ni kurudi. Kijana akivutika bega leo, kesho kutwa amelisahau. Mimi bega la kushoto liliniuma tangu Machi hadi wakati wa kuvuna mahindi, na miezi yote hiyo niliandika ubaoni huku nimelishikilia kiwiko. Kwa hiyo nilijifunza kugonga mapema. Unagonga mkeka mara mbili kwa kiganja na mwenzako anaachia papo hapo. Hakuna aibu ndani yake, ndiyo sababu mchezo huu unaweza kufanywa kwa nguvu zote bila watu kuumizana.

Kocha alipenda kutusimulia habari za Hélio Gracie tunapokunja viungo. Mjapani Mitsuyo Maeda, aliyetoka Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, alifika Brazili mwaka 1914 na baadaye akamfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Hélio alikuwa mdogo wake Carlos, mwenye umbo dogo, na mbinu zilizohitaji misuli zilimshinda. Akazigeuza zitumie wenzo na muda badala ya nguvu. Mwaka 1951 huko Rio de Janeiro alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, mzito kuliko yeye kwa mbali. Kimura akamnasa mkono, akaupinda nyuma ya bega, na Hélio akakataa kugonga. Carlos ndiye aliyesimamisha pambano. Kabali ile ya mkono inaitwa kimura mpaka leo, kwa jina la aliyeshinda. Vijana walisisimka kila walipofika hapo, kwenye kukataa kugonga. Mimi niliyashika maneno yale ya mwanzo, wenzo na muda. Wenzo niliufundisha tangu ningali kijana: egemeo, mzigo, jitihada. Nilichora toroli ubaoni mara zisizohesabika.

Shida yangu na Lumbesa ilikuwa heshima. Wengine walinikaba kama walivyokabana wao kwa wao. Yeye hakuweza. Akinikalia kifuani aliweka uzito wote kwenye magoti yake ili nisiusikie. Akipata kabali aliiacha nusu na kunong'ona, "Samahani, mwalimu," halafu akajilegeza nimtoke. Nami nilimtoka, na watu wakanipongeza, na kila pongezi ilinikaa kooni. Mtoto niliyemwambia miaka kumi na moja nyuma kwamba jibu la kukisia si jibu alikuwa sasa ananipa mimi majibu ya bure.

Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimepita Uyole kununua viazi, nikasimama nikamtazama akifanya kazi. Wenzake wawili waliliinua gunia na kulisimamisha kwenye ukingo wa jukwaa. Yeye akageuka, akalipa mgongo, akatulia. Hakulivuta. Gunia likaanza kuinama lenyewe, na alipolisikia limemwegemea akaingia chini yake kwa nyonga, akaondoka nalo. Aliporudi nilimuuliza anafanyaje.

"Ukilinyanyua kwa mikono limekushinda, mwalimu," alisema. "Unalisubiri liegemee. Likishaegemea, halina ujanja tena, linakwenda unakokwenda."

Basi Alhamisi ile, alipoishika kola yangu kwa ncha za vidole, niliutoa mkono wake taratibu, nikamwambia, "Mwanangu, wewe unaniheshimu?"

Akashtuka. "Sana, mwalimu."

"Basi nikabe sawasawa. Usinipunguzie hata kidogo. Nikitaka uache, nitagonga."

Alimtazama kocha. Kocha akageuza uso, akajifanya anarekebisha saa. Lumbesa akavuta pumzi, akarudisha mkono, na safari hii vidole vyote vinne viliingia ndani ya kola, ngumi ikanikaa chini ya taya. Nilisikia mshono wa kiraka ukilia.

Raundi ya kwanza haikufika dakika. Aliniangusha kwa ngwala, akanilalia ubavuni, na ndipo nikajua uzito aliokuwa akinificha miezi yote ile. Hewa ilinitoka kama inavyotoka kwenye mpira wa baiskeli. Nilijaribu kumsukuma kwa mikono, kosa la kila mgeni, akauchukua mkono mmoja akaupinda. Nikagonga. Ya pili nilibana viwiko mbavuni, nikakaa muda mrefu zaidi, akanikaba shingo kwa kola yangu mwenyewe. Nikagonga. Hakusema samahani mara zote mbili, ila macho yake yaliuliza. Nikamwambia, "Tena."

Raundi ya tatu alinikalia kifuani. Sikusukuma. Niliweka viwiko mahali pake, kidevu chini, nikapumua kwa pua kidogo kidogo, na nikaanza kumsikiliza kwa mwili. Kilo tisini juu yako si kitu kimoja kilichotulia. Zinahama. Akitaka kola kwa mkono wa kulia, uzito unalala upande ule kabla mkono haujafika. Niliuona upande wa chini wa kiwiko chake, jinsi kinavyotanguliwa na bega, na nikalikumbuka gunia kwenye ukingo wa jukwaa.

Mkono wake wa kulia ukaingia kwenye kola. Niliukumbatia kwa mikono yangu miwili na kuubana kifuani. Mguu wangu wa kushoto ukavuka ukakanyaga kando ya wayo wake wa kulia. Sasa upande ule hakuwa na mkono wa kujishikizia wala mguu wa kujizuia, nguzo mbili zimeondolewa. Bado sikuinua. Nilingoja. Akaegemea mbele kukaza kabali, na uzito wote ule ukaja juu ya nyonga zangu, juu kabisa ya egemeo. Nikainua nyonga kuelekea dari na kugeukia bega langu la kushoto, lile lile bovu.

Alikwenda. Alipinduka mzima mzima, mgongo ukapiga turubai kwa kishindo, na mimi nikajikuta juu, katikati ya miguu yake, nikitazama uso wake uliopanuka kwa mshangao. Hakuna aliyenipa. Nilijua hakuna aliyenipa, maana mikono yake ilikuwa bado inanikaba hata akiwa chini.

Sikukaa juu muda mrefu. Alifunga miguu kiunoni mwangu, akaingiza mkono wa pili kwenye kola, akanivuta kifuani mwake, na mishipa ya shingo ikaanza kuvuma masikioni. Nilipigania hesabu ya nne au tano hivi. Kisha nikagonga, mara mbili, begani kwake, kwa sababu mkeka ulikuwa mbali.

Akaachia. Hakuomba samahani. Aliketi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, akaniambia, "Mwalimu, umesubiri niegemee."

"Ulinifundisha mwenyewe Jumamosi," nikamjibu.

Nilitembea mpaka nyumbani. Baridi ilikuwa ile ya kufanya moshi utoke mdomoni, na juu ya mji mlima Loleza ulionekana mweusi kabisa dhidi ya nyota. Mke wangu alinisubiri na beseni la maji ya moto na chumvi, kama kawaida ya Alhamisi. Niliposhusha skafu alileta taa karibu. Alama ya kola ilikuwa imezunguka shingo, nyekundu, upana wa kidole.

"Nani kakufanya hivi?"

Nikamtajia. Anamfahamu mama yake, wako jumuiya moja kanisani.

"Jumapili nitamweleza mama yake," alisema. "Mtoto gani anamshika mwalimu wake shingo?"

"Usimweleze lolote," nikamwambia. "Nilimwomba mimi. Na Alhamisi ijayo namwomba tena."

Akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akakiweka shingoni pangu.