Kanda za televisheni ya mkoani nilizipata kwa wanakwaya

Kituo kidogo cha kebo kilichokuwa kikiturushia picha hapa Dodoma miaka ya 2000 kilipofungwa, wengi tuliamini kanda zake zimelala stoo mahali fulani. Stoo ipo, nimeingia. Mlikuwa na deki mbovu, waya zilizoviringishwa, boksi moja la kanda za VHS na kaunta buku kadhaa zilizoanza kuliwa na mchwa pembeni. Nilikuwa nakusanya historia ya televisheni ya mkoa wetu, na katika vyote hivyo nilichokishukuru zaidi ni zile kaunta buku.

Kanda tupu zilikuwa ghali. Habari za Jumanne zilifutwa ili Alhamisi urekodiwe mkutano wa hadhara, na mkutano nao ukafutwa kupisha mechi. Hata BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vyake vingi miaka ya 1960 na 1970, sembuse kituo cha vyumba viwili jirani na soko la Majengo. Kwa hiyo anayekwenda kwenye kituo cha zamani akitarajia kukuta rafu zimejaa, aende na moyo mgumu.

Kaunta buku ilikuwa ya watu wa zamu. Kila ukurasa una tarehe, saa, jina la kipindi, jina la aliyeshika kamera, na mwisho kabisa safu nyembamba iliyoandikwa "kopi". Kwa mfano: kwaya ya Makole, dakika 40, kopi moja, amelipa nusu. Shule fulani, mahafali, kopi mbili, bado hajachukua. Walioandika walikuwa wanafuata hela yao tu, lakini bila kukusudia waliniachia orodha ya nyumba za kwenda kubisha hodi. Aliyeonekana kwenye TV mwaka 2002 alitaka kanda yake, na mtu hafuti kanda aliyoonekana yeye.

Nikaihamisha safu ile ya kopi kwenye kompyuta, nikaipanga kwa mitaa: Makole, Chang'ombe, Kikuyu, Nkuhungu. Wanakwaya ndio hazina. Kwaya ina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, na vitu vyake vinakabidhiwa uongozi unapobadilika. Mahafali yanapotea kwa sababu mwalimu mkuu akihama hakuna anayejua kabati la nani lina nini. Wafanyabiashara waliolipia matangazo ndio wagumu kuliko wote; wengi walinitazama kama mtu wa kodi.

Chang'ombe nilimkuta mama mmoja aliyewahi kuwa mtunza hazina wa kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizo kanda unazitaka za nini? Usije ukaziuza."

Kanda ilikuwa ndani ya mfuko wa unga, imefungwa kwa kipande cha khanga, chini ya cherehani. Nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri, lakini kilichonisimamisha kilikuwa mwishoni. Aliyemtolea mama nakala hakusimamisha deki kwaya ilipomaliza, basi mtangazaji akaendelea: mbuzi waliopotea Kikuyu, taarifa ya msiba, bei ya zabibu za mvinyo, kisha chenga. Ni dakika chache tu, na mpaka leo sijapata penginepo sauti ya kituo kile kikiongea chenyewe. Tangu hapo kila kanda naiacha izunguke mpaka mwisho, hata baada ya picha kuisha.

Karatasi nazo zina njia yake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 ITV na DTV zikaanza. Televisheni ya Taifa, TVT, ilikuja mwaka 2000, ndiyo leo TBC. Sasa, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inaweka miaka 30 kabla jalada la serikali kufunguliwa kwa umma. Piga hesabu: majalada ya 1993 na 1994 ndiyo kwanza yametimiza umri. Na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, kinakohifadhiwa majalada ambayo wizara haziyatumii tena kila siku, kiko hapahapa Dodoma. Huko nenda na barua ya utambulisho na maelezo ya unachotafuta. Ukisema "historia ya TV" tu utampa mhudumu kazi isiyo na kichwa. Hansadi za Bunge, yaani kumbukumbu za mijadala yake, ni rahisi zaidi, na humo utakuta wabunge wakiuliza lini wananchi wao watapata matangazo ya televisheni. Maswali hayo yanakuonyesha picha ilifika wapi na wapi hawakuiona, jambo ambalo hakuna kanda itakayokuambia.

Kuhamisha kanda hakuna njia ya mkato: ya saa tatu inachukua saa tatu. Deki ni za mitumba tu, maana Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Ukavu wa Dodoma umetusaidia, kanda zetu nyingi hazina kuvu. Adui yetu ni vumbi. Nafuta kasha kwanza, naizungusha kanda mpaka mwisho na kuirudisha, halafu ndipo naicheza. Ikifika na utando mweupe, kama ile iliyohamia hapa na familia kutoka Tanga, haiingii kwenye deki yangu. Utando ule ukishika vichwa vya deki vinavyosoma kanda unahamia kwenye kanda za watu wengine. Na kile kidude cha plastiki mgongoni mwa kanda nakivunja mapema, asije mtu akarekodi taarabu juu yake.

Kila mwenye kanda tunaandikiana karatasi moja: kanda ni yake, inarudi kwake siku tuliyokubaliana, nakala inabaki kwangu kwa kutazamwa na kusomwa. Mama wa Chang'ombe aliongeza kipengele chake, kwamba waimbaji waliotangulia mbele ya haki wasikatwe vipande vya kuchekesha watu kwenye simu. Nimekiingiza kwenye karatasi zote zilizofuata.

Zilizobaki sasa ni kanda ndogo za MiniDV, za mwishomwisho kabla ya mitambo ya dijitali ya 2013, na kamera niliyonayo inazitafuna. Mwenye kamera nzima ya aina hiyo iliyolala kabatini asiipeleke kwa wa vyuma chakavu kabla hatujaongea bei.