Jenereta na birika la mama

Umeme umekatika tangu asubuhi hapa Ngamiani, Tanga. Nikasema leo ndiyo leo, nikipime hiki kijenereta cha inveta nilichouziwa kwa jina la "wati 2000".

Bila mzigo, yaani sijachomeka kifaa chochote, mita ya umeme inasoma volti 231, hezi 50. Safi!

Nikachomeka feni na taa. 229. Imetulia tuli.

Nikachomoa vyote, nikaweka birika la mama, wati 1800.

Injini ikapandisha mngurumo, sekunde chache tu, taa nyekundu ikawaka. Mita: 0. Injini yenyewe inaunguruma tu, umeme hakuna 😅

Mama kutoka uani: "Mwanangu, hiyo chai tunakunywa leo au Idi?"

Nikamulika lebo kwa simu. Maandishi kama sisimizi: wati 2000 ni kilele, yaani za muda mfupi tu; za kudumu 1600. Birika limezidi!

Wenye nazo, za kwenu mmezipima?