Meza ya vinia, wiki ya tatu: ubao umepinda

Leo ilikuwa siku ya vanishi. Nimetoka kwenda roshani asubuhi nikakuta uso wa meza umebonyea katikati kama sinia. Nimelaza rula juu yake: mwanya wa milimita nne.

Na ulikuwa umependeza! Vipande viwili vya vinia (ubao mwembamba sana wa kubandika juu ya ubao mwingine) ya mvule, vilivyokatwa kwa kufuatana kwenye gogo moja, kimoja nimekigeuza kama ukurasa wa kitabu, nyuzi za mbao zikakutana katikati kama mabawa ya kipepeo.

Kosa ni langu. Vinia ile ina unene wa milimita 0.6, nikadhani haina nguvu ya kufanya lolote kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18. Nikaibandika juu tu, chini nikaacha patupu ili nisitumie pesa zaidi. Gundi nyeupe ina maji: vinia ikilowa hutanuka, ikikauka hunywea na kuuvuta ubao. Upande wa pili hakukuwa na wa kuvuta kinyume. Mzee ninayenunua kwake mbao soko la Gikomba, Nairobi, aliponisikia alicheka: “Kijana, hata mkokoteni haupakiwi upande mmoja.”

Nikanunua kwake vinia ya bei rahisi, unene uleule, ya kukaa chini ambako haitaonekana. Safari hii nimetumia pasi. Unapaka gundi ubaoni na kwenye vinia, unaziacha zikauke hadi zisinate kidoleni, kisha unapiga pasi juu ya kitambaa. Joto linaiyeyusha gundi, nawe unakandamiza kwa kipande cha mbao hadi ipoe. Nyuzi nimezielekeza sawa na za juu. Nusu ya kazi stima ikapotea. Nikanywa chai.

Iliporudi nikamaliza, nikagonga kwa ukucha kote. Palipolia tupu, yaani gundi haikushika, ni mahali pawili. Nimechana hapo kwa wembe kufuata nyuzi, nikaingiza gundi, pasi tena. (Nimejaribu ukucha huohuo kwenye mawe ya Mazeras (mawe bapa ya kupambia kuta) yaliyobandikwa kwenye nguzo ya geti letu. Matatu yanalia tupu. Nadhani saruji iliwekwa madonge manne pembeni tu. Nimemwambia mlinzi asiweke kiti hapo.)

Meza sasa imelala chini ya mifuko miwili ya saruji. Jioni nimechungulia na rula: milimita moja na nusu. Vanishi ingoje Jumapili ijayo.