Milimita Mbili za Habu

Kesho yake ilikuwa otokrosi, mbio za magari kwenye vumbi, ya Jamhuri Park, na Ijumaa hiyo alasiri niliingia gereji na rimu nne za inchi 15 kutoka Kirinyaga Road. Subaru Impreza yangu ilikuwa inavaa tairi za 205/55R16: upana milimita 205, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 16. Kwa vumbi na mawe nilitaka 195/65R15. Kipenyo ni karibu kilekile, milimita 632 kwa 634, kwa hiyo hesabu ya gia haiharibiki. Faida iko ubavuni: milimita 113 zinakuwa 127, na hizo 14 ndizo zinazookoa rimu ikigonga jiwe.

Matundu nilikuwa nimeyapima: matano, duara la milimita 100, sawa na Subaru. Muuzaji alisema zimetoka kwenye Toyota Caldina. Sikushtuka.

Mzee wa gereji alipachika ya kwanza kwenye habu, kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, akakaza nati zangu kwa vidole, akaizungusha. Ikayumba kama sufuria isiyo na kitako. Akapenyeza ukucha kati ya rimu na diski ya breki.

"Kijana, hii haijakaa. Imening'inia kwenye shingo ya habu."

Vania, kifaa cha kupimia vipenyo, ikasema yote: habu milimita 56.1, tundu la kati la rimu ya Toyota 54.1. Ningezikaza kwa spana ndefu zingeonekana zimeshika, kumbe stadi, zile skrubu za habu zinazoshika nati, ndizo zinazobeba mzigo wote, na stadi hukatika. Nati zilizokuja na rimu nazo zilikuwa za nyuzi zenye nafasi ya milimita 1.5, wakati Subaru ni 1.25. Zinaingia mizunguko miwili hivi, halafu zinaanza kula nyuzi.

Fundi wa mashine ya kukereza alipanua matundu yote manne hadi 56.1 bila kugusa uso wa kukalia. Saa mbili usiku za nyuma zikakaa vizuri. Za mbele zikagoma kuzunguka: nilikuwa nimefunga kalipa za breki za pistoni nne, ambazo ni kubwa. Zingegusa mikono ya rimu, speisa, bamba la kuisogeza rimu nje, ingesaidia. Ziligusa pipa lenyewe, ukuta wa ndani wa rimu, na hapo speisa ni kazi bure.

Nikapendekeza 16 mbele, 15 nyuma. Mzee akazungusha futi ya kamba kwenye matairi: ya mbele yalikuwa yamelika, tofauti ya mzingo milimita 21. Difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inavumilia kama 6.

Jumamosi nilikimbia na 16 zote nne, upepo nimeupandisha kutoka psi 30 hadi 36 ili rimu isibane ubavu kwenye mawe. Zile za Caldina zilibaki kwenye buti la gari la mzee.