Dakika mbili za nni

Siku ya nne leo tangu kongamano liishe na mimi bado nimekwama kwenye kile kikao cha saa tano na nusu. Nikifumba macho namwona mzee amesimama, maiki kaishika kwa mikono miwili kama kashika samaki aliye hai, anainama kusoma kikaratasi changu.

Mnajua nilivyohangaika na ile ratiba, si nililia humu humu mwezi mzima. Vikao 9, kumbi 3, maiki 2 na moja inakwaruza, na wasomi wa biashara na jamii kila mmoja anataka asubuhi, hakuna anayetaka kile cha baada ya wali wa nazi. Kikao cha bandari mpya ya huku kwetu Lamu ndo nilijigamba kwamba ni changu, nimekipanga mwenyewe. Mada 4, dakika 15 kila moja, halafu mvuvi mmoja mzee wa kijiji cha Matondoni dakika 10, halafu maswali. Kumi nzima! Nilijiona nimefanya la maana maana kwingine wavuvi tunawaona kwenye slaidi tu, tena kwa mgongo.

Basi. Msomi wa kwanza akafungua na yule mwanauchumi Friedman wa 1970, kwamba kazi ya kampuni ni faida. Wa pili akafungua na msomi mwingine, Freeman wa 1984, kwamba hapana, uwaangalie wote wanaoguswa na hiyo kampuni. Wa tatu akarudi kwa Friedman, mpaka kijana wa projekta akaninong'oneza, dada hawa ni mtu na nduguye? Wa nne ndo aliyeniua. Na alisema vizuri, nisimdhulumu, alieleza ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe huku kwetu na vile jopo la mazingira lilivyofuta leseni yake Juni 2019 kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alilieleza hilo la kushirikishwa kwa dakika 22. Nikamwonyesha kikaratasi cha dakika 2, akatabasamu. Nikamwonyesha cha 1, akaitikia kwa kichwa kama nimemsalimia. Cha MUDA UMEISHA akakijibu kwenye maiki kabisa, "namalizia", akafungua slaidi mpya. Nami kimya. Profesa yule, ningefanyaje.

Mzee alipoinuka zimebaki dakika sita chai iingie. Kikoi kimepigwa pasi mpaka kina mistari, kofia ya viua, hana slaidi. Kesi hakuigusa hata, ile ya 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari, hiyo maprofesa walishaitaja wote wanne. Yeye alikuwa anasimulia maji. Maji yalivyogeuka walipoanza kuchimba mlango wa bandari, unatia mkono asubuhi huoni vidole vyako. Ukumbi ulinyamaza, hata wale wa simu. Akasema, siku moja mhandisi akaja na boti yake, akaniuliza mzee hapa mwavua samaki gani, nami nikamwambia...

Hapo ndo nikainua kikaratasi. Mkono uliinuka wenyewe, wallahi.

"Mwanangu nisomee, miwani nimeiwata Matondoni."

"Dakika mbili, baba."

"Za nni?" Yaani za nini.

"Za kumalizia."

Akaniangalia. "Haya. Basi nimekwisha."

Akampa kijana maiki, akakaa. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda kwenye chai. Zile dakika mbili hakuna aliyezitumia.

Sasa mimi nimeganda kwenye nimekwisha. Si angesema nimemaliza? Mtu akimaliza chakula husema nimemaliza. Nimekwisha husema mgonjwa, husema aliyeibiwa. Nimemwuliza mama, akasema we nawe, watu wengine ndivyo wasemavyo hata wakiondoka msikitini. Akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani yameisha, kumbe anachambua na mengine: "Lakini umemwita baba, ukampa dakika mbili." Hata kichwa hakuinua.

(Dada kajifungua Jumanne, mtoto wa kiume, wote wazima alhamdulillahi, na mkataba wangu umeongezwa mwaka. Nitaandika hayo siku nyingine.)

Leo asubuhi hodi, kijana wake mzee. Kaleta samaki, changu wawili wamefungwa kwa ukindu, eti baba asema mpelekee yule mwana wa dakika mbili. Nilicheka na machozi yananitoka. Nikamvamia pale pale mlangoni, hata karibu sikumwambia: alimwambia nini yule mhandisi? Naye akacheka. "Hata sisi tumemwuliza dada. Asema alikuwa keshasahau, kikaratasi chako ndicho kilichomwokoa."

Siku nne! Nimetunga ujumbe wa kuomba radhi mara tatu nikaufuta, nimekula nusu nusu, kumbe mzee kasahau tu mistari yake. Nikaingia jikoni naimba.

Halafu nikiwa napara magamba nikaanza tena. Mtu asahau alichomwambia mhandisi? Kisa ambacho bila shaka keshakisimulia barazani mara mia? Na yule kijana aliposema vile alikuwa ananiangalia au anaangalia viatu? Najaribu kukumbuka nashindwa, maana mimi nilikuwa naangalia samaki. Nimepanga Ijumaa nipande boda niende Matondoni, nisiulize kitu, niketi tu. Simu naiwacha nyumbani, na saa pia. Mama kasema nipeleke sukari na majani ya chai, si kwenda mikono mitupu na samaki wa watu tumboni.

Tumewapaka, nazi nzito na ukwaju. Watamu, siwezi kusema uongo.

Punda wa ami anachechemea tangu jana, mguu wa nyuma wa kushoto. Ami asema ni kijiwe kwenye kwato kitatoka chenyewe, na mchanga anaoubeba wa kujengea ghorofa ya juu bado uko nusu pale forodhani. Mimi nimeshika pale juu ya kwato pana joto. Kesho saa kumi na mbili nimpeleke kliniki ya punda kabla ami hajaamka, kama atakubali kupita kile kichochoro chenye maji.