Jinsi nilivyoacha kupigana na Bibi bafuni

Nyumba yetu ina wazee wanane, na kila zamu tuko wahudumu wawili. Udogo huo una raha yake: mzee unamtambua kwa kikohozi chake tu, unajua nani huamka usiku wa manane na nani hataki mlango wake ufungwe. Ubaya wake ni kwamba mmoja akilia, wengine saba wanasikia. Na kila siku ya kuoga, Bibi alilia.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamwingia sana. Asubuhi nilimshika mkono, "Bibi, twende ukaoge." Akajibu, "Nimeshaoga." Mimi nikambishia: hujaoga tangu juzi. Hapo ndipo vita vilipoanzia. Mwenzangu alimshika mikono, mimi nikamvua nguo, na bomba la mvua lilipofunguliwa juu ya kichwa chake akapiga mayowe, "Wananiua!" Siku moja aliniuma mkono. Nilijifungia stoo nikalia, lakini meno yake hayakuwa yameniliza. Nililia kwa sababu kwa macho yake alikuwa anasema kweli: watu wawili asiowajua walikuwa wamemvua nguo kwa nguvu.

Muuguzi anayekuja kuwapima wazee wetu aliniuliza swali moja tu: "Zamani alikuwa anaoga saa ngapi?" Sikujua. Miezi yote ile namhudumia, sikujua! Nikampigia simu binti yake. Akasema mama yake alizoea kuoga jioni, akishamaliza kazi zake, tena kwa beseni, na kwamba tangu utotoni wao hakupenda maji yamguse uso ghafla.

Jioni yenyewe ilinitia wasiwasi, maana jua likianza kuzama wengi wenye ugonjwa huu huhangaika, wakitaka kurudi kwao. Tukachagua saa kumi, kungali na mwanga. Nikafunga dirisha mapema ili bafu lipate joto, nikaweka taulo, sabuni na nguo safi karibu nami, nisije nikamwacha peke yake hata kwa dakika moja. Kiti nikakitandikia taulo, kwa kuwa plastiki baridi pekee ilitosha kumfanya ainuke. Nikampimia joto la maji kwa kiwiko.

"Nimeshaoga," akasema, kama kawaida yake.

"Haya, Bibi. Basi tupashe miguu moto."

Akaiweka miguu kwenye beseni mwenyewe. Nilimfunika taulo kubwa kuanzia mabegani, nikawa namwosha chini yake, sehemu moja baada ya nyingine, nikimwambia kabla sijamgusa: sasa mguu wa kulia, sasa mkono. Kitambaa kingine nilimpa ashike. Alijipangusa kifua polepole, mara nyingi mahali palepale, na nikamwacha. Nywele tulizihamishia siku nyingine.

Haikwenda hivyo kila mara. Zipo siku alikataa kabisa, nami nikakubali. Nilimpangusa uso, makwapa na sehemu za siri, basi, kesho tutajaribu tena. Kwa mzee asiyetoka jasho jingi, kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, mradi sehemu hizo zisafishwe kila siku. Ila niseme jambo moja, maana lilitupata kwa mzee mwingine: aliyekuwa mpole akigeuka ghafla ndani ya siku mbili, akawa hataki kuguswa na maneno yake hayashikamani, mwite daktari. Wetu alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Hakuwa na homa hata kidogo.

Utulivu ule ulinipa kitu ambacho sikukitarajia, nafasi ya kuiangalia ngozi ya Bibi. Zamani niliharakisha, macho yangu kwenye mikono yake isinipige. Wiki ya tatu, nikimkausha miguu, niliona kisigino cha kushoto kimekuwa cheusi kuliko kingine. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, hauonekani vizuri. Nikakigusa: kina joto, na kigumu kidogo. Kidonda cha kulalia kilikuwa kinaanza. Usiku huohuo tulimwekea mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, tukawa tunamgeuza kila baada ya saa mbili, na muuguzi akaja kumwona. Ngozi haikupasuka.

Yote haya nimeyaandika kwenye daftari la zamu, ili anayeingia wakati mimi sipo asianze upya vita vile: saa kumi, beseni, miguu kwanza, usimbishie.

Jioni moja nilidhani tumemaliza, nikanyoosha mkono kuchukua taulo kavu. Bibi akanirudishia kitambaa, akainama mbele.

"Mgongo bado," akasema.