Shubiri nne na vidole vitatu

Mke wangu alinikuta nimepiga magoti kando ya kitanda, simu ikinimulikia kutoka mdomoni, futi mkononi, nampima mtoto wetu akiwa usingizini. Nilishatoka utosini, nimefika kwenye nyonga. Hakupaza sauti. Alinishika mkono, akaiachia ile futi ikajirudisha yenyewe ndani ya kasha lake, kisha akaniuliza taratibu, "Baba Zena, kwa futi hiyohiyo?"

Nilimwelewa papo hapo. Wiki ile nilikuwa nimetengeneza majeneza mawili. Seremala hapa Tabora hachagui kazi. Leo unaranda kitanda cha tano kwa sita, kesho kabati la vyombo, na usiku unagongewa dirisha na watu waliofiwa, unachukua futi yako unawafuata. Mke wangu alijua futi ile inakopita. Niliiweka juu ya kabati, tukalala bila kulizungumza tena.

Ilikuwa mwaka 2017, zikiwa zimebaki wiki tatu Zena afanyiwe upasuaji wa nyonga Dar es Salaam. Alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Jina nilimpa la marehemu mama yangu, kwa hiyo mimi namwita Mama, mpaka leo ambapo anarudi shule magoti yamejaa vumbi la kucheza rede.

Alizaliwa akitanguliza makalio, na ndiye kifungua mimba wetu. Alianza kutembea akiwa na miezi 17, na kila hatua mwili ulilalia upande wa kushoto. Kituo kimoja tulichompeleka walituambia watoto hawafanani, atanyooka akikua. Tukarudi nyumbani tumefurahi, na furaha ile ilitugharimu miezi mingine minne. Hadi siku moja mama mkwe alipokuwa anamkausha baada ya kumwogesha, amemlaza chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa na nyayo zimegusa chini. Nikaona goti la kushoto liko chini ya la kulia. Meza yenye mguu mmoja mfupi mimi naitambua nikiwa bado mlangoni. Mtoto wangu nilikuwa nimemtazama kila siku kwa miaka miwili.

Hospitali ya Kitete wakampiga picha, na picha haikuhitaji maneno mengi. Kichwa cha mfupa wa paja la kushoto hakikuwa ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kimepanda juu, kimejikalia pembeni. Tukapewa rufaa.

Daktari wa Dar es Salaam aliyetuona mara ya kwanza alikuwa mtu mzima, mpole, na nadhani alinisoma mikono, maana aliniuliza kazi yangu kabla ya kueleza chochote. Nilipomwambia useremala, akageuza karatasi akachora. "Basi wewe utanielewa haraka," akasema. Ulimi wa mbao umetoka kwenye tundu lake, na kwa kuwa tundu limekaa wazi muda mrefu, limejaa nyama na limekuwa la kina kifupi. Atafungua, asafishe, aurudishe ulimi mahali pake. Tena huenda akalazimika kuukata mfupa wa nyonga juu kidogo ya kikombe, kuuinamisha ili ukifunike kile kichwa kama paa, na kushikiza kwa kabari ya mfupa itakayotolewa kwa mtoto mwenyewe, pamoja na vyuma vyembamba vitakavyotolewa baadaye. Kabari! Nilitikisa kichwa kukubali kama tunazungumzia kiti, huku tumbo limenishika. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba njia hiyo ilitolewa na daktari wa Kanada, Robert Salter, aliyeichapisha mwaka 1961. Nampa heshima ya fundi kwa fundi.

Mke wangu alikuwa na swali moja tu, na alikaa nalo tangu Tabora. "Ni kwa sababu tulikuwa tunamnyoosha miguu na kumfunga kwenye kanga?" Daktari hakumkimbilia kumfariji. Alimwambia kweli kwamba kumkaza mtoto mchanga miguu ikiwa imenyooka si kuzuri, na kwamba kumbeba mgongoni, miguu imetanuka ubavuni mwa mama, ndiko kunakofaa nyonga. Lakini tatizo hili huwapata zaidi watoto wa kike, na wazaliwa wa kwanza, na waliotanguliza makalio. Zena alikuwa na yote matatu. "Hukumtegua nyonga wewe," akamwambia. Mke wangu alilia pale pale, na nafikiri ndiyo siku aliyoanza kulala.

Mimi nilibaki na langu. Daktari alisema mtoto anayegundulika mapema, kabla ya miezi sita, mara nyingi hufungwa mikanda tu inayomweka miguu wazi, bila kisu.

Sasa, baada ya upasuaji angefungwa plasta, hogo kama tunavyoita mtaani, kuanzia kifuani hadi kwenye kifundo cha mguu. Wiki 6 hadi 12. Asingekaa, asingesimama, asingebebeka mgongoni. Nilipotoka pale nilikuwa na jambo moja kichwani: nitamtengenezea kigari cha kulalia, chenye magurudumu, ili aweze kutolewa uani akaone watu. Ndiyo maana usiku ule nilikuwa nimeshika futi.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniita uani. Sijui binti yake alimwambia nini. Alikuwa ametandika kanga, amemlaza Zena, anampaka mafuta, na huku anampaka anampima kwa shubiri, kutoka utosini hadi kisiginoni, akimwimbia. Mtoto anacheka, anatekenywa. "Shubiri nne na vidole vitatu," akasema bila kunitazama. "Na mkono wangu unaujua, njoo uupime." Akanyoosha kiganja. Nikaenda kuichukua futi juu ya kabati, nikaupima mkono wa mama mkwe wangu. Hakuna aliyenikataza.

Nilichagua paini kwa sababu ni nyepesi. Mninga ningeipenda zaidi, ila nani angeisukuma? Kwa siku mbili nilikata, nikaunga, nikapiga msasa hadi kiganja kinateleza. Kilikuwa kigari kizuri, chembamba, kimemfuata mtoto alivyo. Nilijivunia.

Ndipo akaja Mama Shabani. Anakaa mtaa wa pili, na mwanawe alifungwa plasta kama hiyo akiwa na umri wa Zena. Mke wangu ndiye aliyemwita. Alisimama mlangoni pa karakana akakitazama kigari muda mrefu. "Shemeji, kizuri," akasema, "lakini mtoto hatalala hivi." Akamwita Shabani, aliyekuwa nje anafukuza kuku, akamlaza juu ya benchi langu, akamtanua miguu, akamkunja magoti kidogo. "Hivi. Kama chura. Tena hapa katikati wanaweka fimbo kuunganisha mguu na mguu." Akapima kwa mikono yake miwili kutoka goti hadi goti. Ilikuwa karibu mara mbili ya upana wa kigari changu.

Nilimpima Zena jinsi alivyokuwa amelala, na jinsi ile ilikuwa inakwenda kubadilika. Nilikaa kwenye kigogo. Mama Shabani akaketi pia, akavua viatu, na saa nzima iliyofuata ilikuwa darasa ambalo sijapata kuliona popote.

Alisema ile fimbo ya katikati si mpini: usimnyanyue mtoto kwayo, itakatika au itaharibu plasta. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya makalio, mwingine chini ya mgongo. Alisema mkojo ndio adui, kwa hiyo nepi ndogo ichomekwe ndani ya uwazi wa plasta, na nepi kubwa zaidi ifungwe juu, na sehemu ya kichwani iinuliwe siku zote ili mkojo ushukie miguuni na si mgongoni. "Basi kigari kiinamishe," akaniambia, nami nikaandika kwa penseli ukutani. Alisema vidole vya mguu vitazamwe asubuhi na jioni: viwe na joto, vicheze, visivimbe, visibadilike rangi, na vikibadilika usingoje kesho. Alisema atawashwa, na atalia, na kila bibi atakayepita atakuja na kijiko cha kumkunia ndani. Wakatalieni wote. Chakula apewe kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo limebanwa. Na magauni yote aliyonayo sasa yatakuwa hayana kazi.

Shabani wakati huo alishashuka kwenye benchi, ameokota maranda amejifanyia ndevu. Nilimtazama anavyokimbia kumwonyesha mama yake. Mwendo sawa kabisa. Sikusema neno, ila nafikiri Mama Shabani aliona, maana alimwita arudi, akamtuma tena kule mlangoni kufuata viatu vyake.

Kigari nilikivunja jioni ileile. Nilianza upya, kipana, kimeinama, nikaweka sponji juu yake na kuizungushia turubai linalofutika, na magurudumu ya mpira niliyoyapata kwa muuza vyuma chakavu. Lakini upana mpya ulileta swali jingine: kitapita mlango wa treni?

Tulichagua treni kwa sababu ya safari ya kurudi. Mtoto aliyefungwa hogo la chura hakai kwenye kiti cha basi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, lakini kwenye daraja la pili kulala anaweza kulazwa. Siku ya treni nilikwenda stesheni na uzi mfukoni. Waliowahi kusafiri wanajua kuwa mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma huunganishwa hapa kwetu, kwa hiyo treni hukaa. Nilimwomba mhudumu wa behewa aniruhusu nipande. Nilipomweleza, alinishikia upande mmoja wa uzi. Tukapima mlango, ushoroba, nafasi kati ya vitanda, tukifunga fundo kila mahali. Ule uzi wenye mafundo manne ndio ulioamua kila kitu. Kigari kilibidi kiwe na ubavu mmoja unaofunguka kwa bawaba.

Mambo mengine yalikwenda kwa kukimbizana. Kitanda cha mninga nilichokuwa natutengenezea sisi wenyewe kiliuzwa kabla hakijapakwa vanishi. Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya afya ya watoto, ambayo mke wangu alinibembeleza niilipie Sh 50,400 mwaka uliotangulia, ilibeba mzigo ambao kitanda kisingeweza. Ndugu zangu wawili wa Mbagala walikwenda kuchangia damu, mmoja akarudishwa kwa kuwa hakufikisha kilo 50, akampeleka jirani yake. Mama mkwe alikata magauni matatu ubavuni na kuyawekea vifungo. Na Zena alilishwa maini, maharage na mchicha, akalazwa ndani ya chandarua kuanzia magharibi, maana tuliambiwa akipata malaria au kifua, au damu ikiwa pungufu, tarehe itaahirishwa. Kila akipiga chafya nyumba nzima inanyamaza.

Nilichokipenda katika wiki zile ni jioni. Nilimlaza kwenye kigari karakanani, robo saa, kisha nusu saa, ajizoeze kutazama juu. Nilimwambia ukweli kwa kadiri ya umri wake: mguu unauma kutembea, daktari atautengeneza, utaamka umevaa nguo ngumu, Baba na Mama tutakuwepo. Mke wangu aliona bora tusimwambie. Tulibishana, na sidhani yeyote kati yetu alikuwa na uhakika. Zena mwenyewe alikuwa anahesabu matundu ya bati. "Moja, moja, moja," kwa kuwa hakuwa na namba nyingine. Kigari alikiita "gali langu", na mtoto wa jirani akikigusa ilikuwa vita.

Tulifika Dar es Salaam siku mbili kabla. Usiku wa mwisho wodini muuguzi alitueleza: chakula mwisho saa nane usiku, maji matupu mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu alimwamsha saa saba na nusu akampa uji wa ulezi, akanywa macho yamefumba. Alfajiri daktari akaja akachora mshale kwa wino kwenye paja la kushoto. Zena akautazama, akatemea mate kidoleni akausugua. Haukutoka.

Saa mbili wakamwita. Nilimsukuma kwa kigari hadi mlango ule ambao wazazi hawavuki. Muuguzi akamnyanyua, mkono mmoja chini ya makalio, mwingine chini ya mgongo, na Zena akageuka kukitafuta kigari, si sisi. "Gali langu," akasema. Nikamwambia, "Lipo hapa, Mama. Nakulindia."

Mlango ukafungwa. Mke wangu akakaa kwenye benchi akajifunika kanga. Mimi nikatoa bisibisi mfukoni, nikakilaza kigari ubavu, nikaanza kukaza skrubu za magurudumu, moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimeshakaza.